Kuongea na adui, ni kusaliti?

Mwezi wa pili 2025, M23 ikiwa imeshashika Goma, wajumbe wa CENCO na ECC walifika hapa kuongea na viongozi wake. Kinshasa, wengine wakawalaumu sana: eti kanisa linabembeleza adui. Wakati ule serikali ilikuwa inakataa kabisa kuzungumza na M23.

Miezi mitano kisha, tarehe 19 mwezi wa saba, serikali hiyo hiyo ikatia sahihi kule Doha na AFC/M23. Basi kosa la watu wa Mungu lilikuwa lipi? Kutangulia tu!

Ndugu zangu, kuongea na mtu haiko kumukubali. Lakini sahihi peke yake haitoshi: hata baada yake, mwaka 2025, banki nyingi za Goma na Bukavu zilikuwa zingali zimefungwa. Amani tunaijua pale banki zinapokuwa wazi.