Akili Mnemba na Dharura za Kilwa: Nani Atajibu?

Wenzangu, siku hizi kila kongamano hapa chuoni lazima litaje akili mnemba. Sasa tunaambiwa itaongoza mpaka magari ya wagonjwa. Mimi nasomea ualimu, udaktari siujui, lakini kwetu ni Kilwa na kwa hili nina la kusema.

Kwanza, hatuanzi sifuri. Mfumo wa m-mama ulizinduliwa kitaifa mwaka 2022. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata dharura, unapiga 115 bure. Mhudumu anauliza dalili, programu inamsaidia kupanga safari, na gari la wagonjwa likikosekana anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu.

Ukiongeza akili mnemba hapo, sikatai. Inaweza kupanga simu zinazoingia kwa pamoja na kukadiria gari lipi litawahi. Ila Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi ilikatika Somanga. Ramani ya jana ingempeleka dereva majini. Mgonjwa wa Songo Songo naye anahitaji boti, na upepo wa kusi ukivuma, nahodha ndiye anayejua kama kunavukika. Na bibi anayeeleza maumivu kwa Kimatumbi, mashine itamwelewa?

Hapo ndipo uongozi unapopimwa. Nani ataorodhesha manahodha kama walivyoorodheshwa madereva? Nani atahakikisha gari lina mafuta saa nane usiku? Mashine ikikosea na mama akafariki, nani atasimama mbele ya familia? Kiongozi asiye na jibu la swali hili asisaini mkataba wa kununua programu yoyote.

Kwa tafiti za kitaifa, vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (2015/16) hadi 104 (2022). Ni hatua kubwa jamani, lakini hao 104 nao ni mama wa watu.

Sisi wanafunzi tusisubiri mkataba. Tukienda mazoezi ya kufundisha, tuiandike 115 ubaoni. Likizo hii isevu kwenye simu ya mama, ya shangazi na ya bodaboda wa mtaani, kisha muulize mwenyekiti wa kijiji: usiku huu mama akizidiwa, gari litatoka wapi?