Acheni Kuwasingizia Mababu Laana

Jumapili iliyopita pale Mikumi, mhubiri mmoja mwenye spika za kuhamisha tembo alitangaza kwamba kisukari na udumavu unaoandama koo fulani ni laana, eti kwa sababu mababu walikunywa maji ya mganga wakaiasi serikali. Tiba ni kichupa cha mafuta, shilingi elfu kumi. Muuza mishikaki akichelewesha ushuru wa elfu moja hufuatwa hadi kitandani, lakini biashara hii haina mkaguzi.

Serikali ipi? Ya Mjerumani! Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilipofika Kilosa na milima ya Wavidunda, Kapteni Wangenheim alishauri kwamba njaa peke yake ndiyo itakayowatiisha watu. Vijiji, maghala na mazao vikachomwa moto. Watu wakahama makwao, wakala mizizi maporini. Hawajatulia vizuri, Agosti 1916 Mwingereza akaiteka Kilosa, na wanaume wakaswagwa kubeba mizigo ya vita vya Wazungu. Walioachiwa jembe ni wanawake, wengine na mimba zao.

Hapo ndipo mhubiri afungue masikio. Mtoto wa kike huzaliwa na akiba ya mayai yake yote. Bibi aliyekimbia mwaka 1906 akiwa na mimba ya binti alikimbia na yai la mjukuu pia. Vizazi vitatu, tumbo moja, njaa moja! Uholanzi nako, njaa ya vita ya mwaka 1944 hadi 1945 iliacha alama: waliokuwa tumboni wakati huo walionekana kupata kisukari zaidi ukubwani, na miaka sitini baadaye alama za kemikali kwenye vinasaba vya waliotungwa mimba katika njaa hiyo zilikuwa tofauti na za ndugu zao ambao hawakuipitia. Waholanzi nao walikunywa maji ya Kinjikitile, mganga wa Majimaji?

Jirani yangu ananijibu: "Mbona babu yangu aliiona njaa ya Majimaji akafa mzee kabisa?" Hongera kwa babu. Na mimi namjua mlevi anayevuka barabara kuu ya Mikumi usiku na hajagongwa. Tung'oe matuta basi?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto watatu kati ya kumi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Yai la mjukuu wa kesho limo ndani ya binti anayelala na njaa leo. Mnunulieni maharage, dagaa na mayai. Elfu kumi ya kichupa inatosha kuanzia.