Mlinzi wa Getini

Steringi hafi. Kanuni hiyo niliijua kwenye kibanda umiza cha Mugumu kabla sijamaliza shule ya msingi, na nilipohamia Tarime kusoma sekondari nikakuta vibanda vya huko vinaifuata vilevile.

Mwaka 2013 Hollywood ilitoa filamu mbili za Ikulu ya Marekani kuvamiwa: Olympus Has Fallen mwezi Machi, White House Down mwezi Juni. Ziweke pamoja. Katika ya kwanza, Mike Banning ameondolewa kwenye ulinzi wa Rais baada ya mke wa Rais kufa ajalini. Katika ya pili, John Cale amenyimwa kazi hiyohiyo kwenye usaili. Zote zina msaliti aliyetoka miongoni mwa walinzi wa Rais, mtoto wa kuokolewa ndani ya jengo, Spika anayekalia kiti cha Rais, na mwanamume mmoja anayefanya kazi ya kikosi kizima. Tofauti kubwa ni kwamba moja inatania na nyingine imenuna.

Wengi huzilaumu kwa kutabirika. Mimi kutabirika hakunisumbui. Hadithi za bibi nazo zilitabirika, sungura alishinda kila jioni, na hatukuchoka. Kinachonisumbua ni yule ambaye kifo chake ndicho kinachotabirika: mlinzi wa getini. Hana jina. Anapigwa risasi, anaanguka, mtafsiri anatia utani juu ya namna alivyoanguka, kibanda kizima kinacheka. Na mimi nilicheka. Tulicheka sisi watoto wa Tarime na Serengeti, ambao kaka na binamu zetu walikuwa wakipanda basi kwenda Dar kutafuta kazi. Kazi gani? Ulinzi.

Tarehe 7 Agosti 1998 jengo la serikali ya Marekani lilishambuliwa kweli, hapa kwetu. Lori lenye bomu lilifika kwenye geti la ubalozi jijini Dar es Salaam, likakuta gari la maji limeziba njia, likalipukia nje. Watu 11 walikufa, na kati yao hakuna Mmarekani hata mmoja. Walinzi wa geti walikuwa miongoni mwa waliokufa. Nairobi, asubuhi hiyohiyo, walikufa 213. Wamarekani kati yao walikuwa 12. Hakutokea Banning. Kilichopunguza maafa ya Dar ni gari la maji.

Sasa muulize kijana yeyote Banning ni nani. Atakusimulia hadi filamu ya tatu. Muulize jina la mmoja wa wale 11. Niulize mimi, msomi wa shahada ya uzamili: hadi mwaka jana nisingeweza kukutajia.

Rafiki yangu husema hii ni burudani tu, au nataka kila mlinzi aandikiwe wasifu? Hapana. Ila burudani inayorudiwa miaka yote inageuka somo. Inatufundisha kwamba kisa hakijaanza mpaka Rais atishiwe, na kwamba waliokufa kabla ya hapo ni utangulizi tu. Kisha tunatoka kibandani, tunaajiriwa maofisini, tunapita getini kila asubuhi bila salamu.

Likizo iliyopita niliiangalia tena White House Down pale Tarime, na binamu yangu ambaye analinda geti la ofisi moja Dar, zamu ya saa 12. Walinzi walipoanza kuanguka, watu wakacheka kama kawaida. Yeye akaniuliza, “Hawa wakifa, kwao wanapelekwa na nani?”

Filamu haikuwa na jibu. Nanyi mnaoota kutunga Bongo Movie ya Ikulu kuvamiwa, tungeni. Ila anzieni getini, na msiondoke pale mpaka mmejua jina lake.