Juu ya Viatu vya Mbio: Usiuze Mbuzi Kabla ya Kufikiri



Siku moja mzee mmoja alifika barazani pa hospitali pamoja na mtoto wake wa kiume, mwanafunzi wa sekondari. Mtoto hakuwa mgonjwa. Baba alisema: "Mganga, huyu hushinda mbio za shule. Sasa anataka niuze mbuzi wawili ili nimnunulie viatu kama vile vya wakimbiaji wakubwa. Lakini jirani yangu anasema viatu ni bure, afadhali akimbie miguu mitupu kama watu wa zamani. Nishike neno la nani?"

Nilimjibu: "Baba, keti kwanza." Nilijua ya kuwa mbuzi wale waliwekwa kwa ajili ya malipo ya shule ya binti yake. Kwa hiyo swali lake halikuwa la viatu tu. Nami nataka kuwaambia ninyi yale niliyomwambia yeye, maana wazazi wengi wana swali lile lile.

Kwanza tuelewe jambo moja. Chukueni taa mbili za mafuta zenye mwanga sawasawa. Moja inakula chupa moja kwa juma, nyingine chupa mbili. Ipi ni bora? Ile inayokula kidogo. Ni vivyo hivyo kwa wakimbiaji. Watu wawili wanakimbia bega kwa bega, mwendo mmoja, lakini mmoja anatumia oksijeni kidogo na mwenzake anatumia nyingi. Yule wa kwanza atafika mbali, na huyu wa pili atachoka njiani. Wataalamu hupima jambo hili kwa kumfunika mkimbiaji pua na kinywa kwa kifuniko chenye mpira, na kuhesabu oksijeni anayoitumia. Basi, je, viatu vinapunguza matumizi hayo au vinayaongeza?

Jibu la kwanza ni uzito. Imepimwa mara nyingi: ukiongeza gramu 100 kwa kila kiatu, matumizi ya nguvu huongezeka karibu 1 kwa 100. Mtasema, gramu 100 ni kitu gani? Hesabuni pamoja nami. Mtu anayekimbia kilomita 10 kwa hatua za mita moja anapiga hatua 10,000. Kila mguu unainuliwa mara 5,000. Gramu 100 mara 5,000 ni kilo 500! Mguu mmoja umeinua nusu tani, kidogo kidogo, pasipo mwenyewe kujua. Ndiyo sababu kijana anayekimbia na viatu vizito vya shambani anajichosha bure.

Hapo jirani wa mzee atafurahi na kusema: "Mmesikia! Vueni viatu vyote!" Lakini sivyo. Mwaka 2012 wapimaji wa Chuo Kikuu cha Colorado, katika Marekani, waliwapima wakimbiaji waliozoea kukimbia miguu mitupu. Waliwapima bila viatu, kisha wakiwa na viatu vyepesi vyenye soli laini. Kumbe, miguu mitupu haikuwapa faida. Kwa nini, iwapo haina uzito wa kiatu? Kwa sababu pasipo soli laini, misuli ya mguu inalazimika kufanya kazi ya kupunguza kishindo cha ardhi. Mwaka 2014 watu wa chuo hicho waliweka tabaka laini la milimita 10 juu ya mashine ya kukimbilia, na wale waliokimbia juu yake miguu mitupu walitumia nguvu kidogo zaidi kuliko kwanza. Basi uzito unachukua, ulaini unarudisha. Kiatu chepesi chenye ulaini wa kadiri kinashinda kiatu kizito, wala hakishindwi na mguu mtupu.

Wengine watanitajia Abebe Bikila, yule askari wa Ethiopia. Kweli, mwaka 1960 katika Roma alishinda mbio za marathoni miguu mitupu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Afrika yote ilifurahi. Lakini msiache nusu ya habari. Mwaka 1964 katika Tokyo alishinda tena, wiki chache tu baada ya kupasuliwa tumbo kwa sababu ya kidole-tumbo, naye alitumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Siku ile alikuwa amevaa viatu. Sisemi ya kuwa viatu ndivyo vilivyompunguzia dakika tatu, kwa kuwa njia na siku hazikuwa zile zile. Nasema tu ya kuwa Bikila hakufanya miguu mitupu kuwa sheria. Alikimbia kwa moyo, mapafu na mazoezi. Tusifanye sheria pale ambapo yeye mwenyewe hakuifanya.

Na vile viatu vya bei kubwa ambavyo kijana anavitamani? Tuseme kweli: vina faida. Mwaka 2017 wapimaji walitoa habari ya kiatu chenye soli nene, nyepesi, inayodunda, na ndani yake bamba gumu la kaboni. Wakimbiaji hodari walipunguza matumizi yao karibu 4 kwa 100. Ndiyo sababu wakuu wa riadha wa dunia waliweka sheria mwaka 2020 kwamba soli ya mbio za barabarani isipite milimita 40. Kwa mtu anayeshindana na dunia nzima, 4 ni nyingi sana. Lakini wakimbiaji wakubwa wa Kenya walipopimwa na viatu vya namna hiyo, habari zilizotolewa mwaka 2023 zilionyesha ya kuwa wengine walisaidiwa sana na wengine walirudishwa nyuma. Basi mzazi anaweza kuuza mbuzi, na kiatu kisimfae mtoto wake.

Sasa juu ya namna ya kukimbia. Nasikia waalimu wa michezo wakiwapigia watoto kelele: "Kanyaga kwa vidole! Usiguse kisigino!" Waliochunguza wakimbiaji wa Kenya wasiozoea viatu, mwaka 2010, waliona wengi wakitua kwa sehemu ya mbele ya mguu. Lakini mwaka 2013 wengine walichunguza Wadaasanach wa kaskazini ya Kenya, ambao nao hawavai viatu, wakaona wengi wao wanatua kwa kisigino katika mwendo wa kawaida. Tena, watu waliozoea kisigino walipolazimishwa kutua kwa mbele walitumia oksijeni nyingi zaidi, si kidogo. Mwalimu, mwache mtoto na mguu wake. Umrekebishe katika haya tu: asitupe mguu mbali mbele ya mwili, kwa maana huko ni kujifunga breki, asirukeruke juu kama panzi, na mikono yake iende huru. Imepimwa ya kuwa mtu anayekimbia mikono juu ya kichwa anatumia nguvu 13 kwa 100 zaidi.

Kwangu mimi mwuguzi liko neno kubwa kuliko ushindi. Katika udongo wetu kuna minyoo ya safura, ambayo inaingia kwa ngozi ya mguu mahali palipochafuliwa na mavi ya watu. Kuna funza. Kuna misumari na vipande vya chupa, na jeraha dogo linaweza kuleta pepopunda. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari asikimbie kamwe miguu mitupu, maana anaweza kujikata asisikie. Tena yule aliyezoea viatu, akivivua leo na kukimbia mbali kesho, mifupa ya mguu wake inaweza kupata ufa. Maumivu juu ya mguu yasiyokwisha si ya kuvumilia. Njoo tukutazame.

Kwa hiyo shauri langu ni hili:

1. Nunua viatu vya bei ndogo, hata vilivyovaliwa na wengine, mradi ni vyepesi. Sokoni shika kimoja katika kila mkono, uchague kilicho chepesi.
2. Mbele ya kidole kirefu pawe na nafasi ya unene wa kidole gumba.
3. Soli ikunjike pale vidole vinapokunjika, wala isiwe imelika upande mmoja.
4. Ukibadili viatu au mwendo, fanya polepole, kwa majuma mengi.
5. Fanya mazoezi bila kukoma, pamoja na kupanda vilima na kurukaruka ili miguu ipate nguvu. Faida hiyo hainunuliwi sokoni.

Yule mzee alirudi nyumbani na mbuzi wake wote wawili. Kijana hakufurahi, sitawaficha. Nilimwambia: "Mwanangu, miguu yako itakuwa na miaka mingi ya kushinda. Dada yako ana mwaka huu tu wa kuingia darasani." Alinyamaza, kisha akauliza viatu vyepesi vinapatikana sehemu gani ya soko. Nikaona ya kuwa amesikia.