Ziara ya Mbuga Isiishie Langoni

Kila muhula unapokaribia kwisha, Barabara ya Lang'ata hujaa mabasi ya shule. Wanafunzi waliovalia sare hubanana madirishani, nyimbo zikihanikiza, na safari huwa ni ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Jambo hili ni la kupongezwa. Ni miji michache mno duniani ambako mwanafunzi anaweza kuondoka shuleni asubuhi na kumwona simba kabla ya chakula cha mchana. Mbuga hii, ambayo ilitangazwa mwaka 1946 na kuwa ya kwanza nchini Kenya, iko umbali wa kilomita saba hivi tu kutoka katikati ya jiji.

Hata hivyo, nina rai kwa walimu wenzangu. Ziara hizi, jinsi zinavyoendeshwa, humwonyesha mtoto sehemu tu ya mbuga, tena sehemu iliyo ndogo.

Nilitambua hivyo nilipoalikwa na shule moja ya msingi ya huku Kiserian niandamane na wanafunzi wake. Kila mmoja alipewa karatasi ya kuorodhesha wanyama kumi aliowaona. Waliorodhesha, lakini kwa Kiingereza, na walipotakiwa kutaja majina ya Kiswahili, pofu, kongoni na swalapala wote waligeuka kuwa "swala". Karatasi zikakusanywa, chakula kikaliwa, tukarudi. Basi lilipofika Ongata Rongai, msichana mmoja aliyeketi mbele yangu aligeuka akaniuliza, "Mwalimu, mvua ikinyesha nyumbu huenda wapi? Nyanya yangu husema zamani walikuwa wakipita karibu na boma letu."

Swali hilo halikuwa kwenye karatasi. Kwa maoni yangu, lilikuwa ndilo swali la pekee la maana lililoulizwa siku ile.

Jibu lake ni hili. Mbuga ina ukubwa wa kilomita mraba 117 tu. Imezungushiwa ua kaskazini, mashariki na magharibi, kwenye pande zinazopakana na jiji, lakini kusini mpaka wake ni Mto Mbagathi, ambao mnyama huweza kuuvuka. Ng'ambo ya mto huo zinaanza nyanda za Athi-Kaputiei, zinazopita Kitengela na Isinya kuelekea Kajiado. Nyanda hizo pamoja na mbuga yenyewe hukadiriwa kuwa kilomita mraba 2,200 hivi. Masika yakiingia, nyumbu na punda milia hutoka mbugani kwenda kulisha huko kwenye nyasi fupi zenye lishe. Kiangazi kikikaza, hurejea mbugani kutafuta maji yasiyokauka. Kwa hiyo mbuga ni kimbilio la kiangazi tu. Nyumba kamili ya wanyama hao iko nje ya lango, katika ardhi za watu binafsi.

Sasa nyumba hiyo inabomolewa. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila familia ikapata hatimiliki yake. Hapana shaka kwamba mtu ana haki ya kumiliki ardhi yake kisheria. Lakini hatimiliki ilifuatwa na ua, ua ukafuatwa na uuzaji, na uuzaji ukafuatwa na viwanja vya futi hamsini kwa mia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa nyanda hizi walihesabika kwa makumi ya maelfu. Waliosalia leo ni sehemu ndogo mno ya idadi hiyo.

Sisemi haya nikiwa nimesimama pembeni kuwanyoshea wengine kidole. Mimi pia nilinunua kiwanja changu hapa Kiserian, nikajenga, nikazungusha ukuta wa mawe na juu yake nikapanda vipande vya chupa. Sikuuliza ni nani au ni nini kilichokuwa kikipita pale kabla yangu. Nilikuwa nimeitembelea mbuga mara nyingi tangu nikiwa mwanafunzi, na hakuna ziara hata moja iliyonifunza kuuliza.

Mimi ni mwanaisimu, na mtu wa fani yangu hupenda kuanza na majina. Jina Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Ngong, vilima vinavyotutazama kila asubuhi, jina lake huelezwa kuwa limetokana na chemchemi ya kifaru. Leo kifaru huwezi kumwona Ngong, ila waweza kumwona ndani ya mbuga, chini ya ulinzi mkali. Kiserian huhusishwa na neno serian, yaani amani. Na Ongata Rongai, palipo na msongamano wa magari usiokwisha, maana yake ni uwanda mwembamba. Wanafunzi wetu huyatamka majina haya kila siku kama vituo vya matatu tu, ilhali ni kumbukumbu za nchi ilivyokuwa. Mwalimu wa lugha ana somo zima hapa, na halihitaji tikiti ya kuingilia.

Mwalimu wa hisabati naye ana lake. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola nne za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka, ili wasiweke ua, wasiuze, na wawaache wanyama wapite. Fedha hizo zilitolewa kwa awamu tatu kwa mwaka, zikilengwa kufika wakati wa kulipa karo. Mwanafunzi na apige hesabu: familia yenye ekari 60 ilipata dola 240 kwa mwaka. Ekari hizo hizo zikikatwa viwanja vya thumuni ya ekari, hata tusipotoa nafasi ya barabara, ni viwanja 480. Na aulize bei ya kiwanja kimoja. Akimaliza hesabu hiyo hatamwita mzee aliyeuza shamba lake mjinga wala mchoyo. Ataelewa kwamba tulitaka maskini abebe gharama ya fahari ya taifa zima, tena kwa fedha zilizotegemea wafadhili.

Kuna pia gharama ya damu. Mwezi Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo usiku. Wengi mjini walilaani. Wachache waliuliza mbuzi waliokufa walikuwa karo ya mtoto gani. Lakini ni huko huko Kitengela ambako mvulana mmoja, Richard Turere, aliyepewa jukumu la kulinda ng'ombe wa baba yake, aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha taa ndogo, betri kuukuu ya gari na kifaa cha kumwesesha taa za pikipiki, zikawa zinawaka na kuzimika kuzunguka zizi. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kuueleza ulimwengu uvumbuzi wake. Hilo ni somo la sayansi lililozaliwa ng'ambo ya mto, mahali ambapo basi la shule halifiki.

Wapo watakaonijibu kwamba dawa ni kuziba upande wa kusini kwa ua, ili simba wasidhuru mifugo wala watu, na ubishi ukome. Hoja hiyo ina uzito wake, hasa kwa mama anayelala akisikiliza zizi. Lakini wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakuwa na nyumbu akilini. Huku kwetu upenyo uliobaki ndio uhai wenyewe. Ukizibwa, tutabaki na bustani ya wanyama iliyo kubwa kidogo, ambayo itabidi ilishwe na kupunguzwa kwa mkono wa binadamu.

Wengine watasema shule hazina fedha wala muda wa ziara ndefu. Sipendekezi ziara ndefu. Basi likitoka mbugani lisirudi moja kwa moja. Livuke Mbagathi, lisimame mahali penye usalama, na wanafunzi wahesabu nyua kwa muda wa nusu saa. Aalikwe mzee mmoja wa Kimaasai awaeleze wanyama walipita wapi, na awape majina yao kwa lugha yake, kisha wanafunzi watafute majina hayo kwa Kiswahili. Wanafunzi wa Kiserian hawahitaji hata basi: washuke mtoni, watazame taka zinazotupwa humo, kisha waambiwe kwamba maji hayo huteremka hadi Mbagathi, wanakokunywa wanyama wale wale waliolipia kwenda kuwaona.

Ikumbukwe kwamba neno safari kwetu ni mwendo wowote, uwe wa kwenda sokoni au wa kwenda Makka. Ni wageni waliolichukua wakalifinya likawa na maana ya kutazama wanyama garini. Inasikitisha kwamba nasi tumewafundisha watoto wetu safari ya aina hiyo: kupanda basi, kutazama dirishani, kurudi.

Watoto hawa, baada ya miaka ishirini, ndio watakaorithi hatimiliki za Kitengela na ndio watakaonunua viwanja vya Kiserian. Wao ndio watakaoamua nguzo ya ua ichimbiwe wapi. Yule msichana nilimjibu kadiri nilivyoweza kabla hajashuka. Akaniuliza tena kama kwetu nyumbu walipita pia. Nilimwambia sijui, kwa kuwa sikuwahi kuuliza. Walimu tufanye bidii ili yeye, siku atakapojenga, awe ameuliza.