Kivu: Mifupa ya kijana inajengwa mara moja tu, asisahauliwe kwenye sahani

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Uvira, mtoto mchanga anapelekwa kupimwa uzito kwenye kituo cha afya. Mtoto wa chini ya miaka 5 akikonda, anatafutiwa chakula cha kumrudishia nguvu. Hilo ni jambo jema. Lakini dada yake wa miaka 13 hakuna anayemwangalia. Anaonekana mkubwa, anachota maji, anapika, kisha anakula kinachobaki kwenye sufuria. Kumbe ni yeye ambaye mifupa yake inajengwa kwa haraka kuliko wakati mwingine wowote.

Wasichana hukua mbio karibu na umri wa miaka 12, wavulana karibu na miaka 14. Katika miaka 2 hivi ya kipindi hicho, mwili hujenga karibu robo ya mifupa ambayo mtu atakuwa nayo ukubwani. Baada ya miaka 30 akiba hiyo haiongezeki tena, inatumika tu. Mama mzee anayevunjika nyonga kwa kuteleza uani, mara nyingine anaumizwa na njaa aliyoipata akiwa msichana.

Mfupa unahitaji kalsiamu. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo, FAO, yanapendekeza miligramu 1.300 kwa siku kwa kijana wa miaka 10 hadi 18. Glasi moja ya maziwa inatoa karibu 300. Fufu ya muhogo peke yake, hata ikijaza tumbo, inatoa kidogo sana. Wako wanaosema kwamba jua la Afrika linatosha, kwa sababu linaupa mwili vitamini D. Jua linasaidia kweli, lakini halichukui nafasi ya chakula. Nchini Nigeria, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wenye matege walipona vizuri zaidi kwa kupewa kalsiamu kuliko kwa vitamini D peke yake.

Dawa ya upungufu huo iko karibu. Sambaza wa Ziwa Kivu na ndagala wa Ziwa Tanganyika wanaliwa wazima, pamoja na mifupa yao, na kalsiamu iko humo. Maharagi, lengalenga na sombe vinaongeza. Maziwa na jibini vya Masisi vinajulikana hadi Kinshasa. Lakini vita vimewafukuza wafugaji, ng'ombe wameibiwa, barabara zimefungwa, na maziwa yanayofika sokoni si ya kila mfuko. Katika nyumba nyingine sambaza wapo, ila baba ndiye anayepakuliwa kwanza.

Chakula si yote. Mfupa hukaza ukifanya kazi: kukimbia, kuruka kamba, kucheza mpira. Lakini mtoto anayebeba mizigo inayomshinda, huku akila mara moja kwa siku, anaumia mgongo. Pombe na sigara hudhoofisha mifupa. Msichana anayebeba mimba akiwa na miaka 15 anagawana na mtoto wa tumboni kalsiamu ambayo yeye mwenyewe bado anaihitaji. Ndoa za mapema basi ni jambo la afya pia, si la sheria tu.

Wazazi wanaweza kuanza leo: kiganja cha sambaza kiwekwe kwenye sahani ya msichana sawa na ya kaka yake. Shule zisifute saa ya michezo kwa kisingizio cha masomo. Wakuu wa afya na mashirika ya misaada wanapogawa chakula, wamhesabu pia kijana wa miaka 13. Na wenye silaha wajue kwamba kila ng'ombe anayeibiwa Masisi ni maziwa yanayoondolewa mdomoni mwa mtoto anayekua. Vita vinaweza kuisha siku moja, lakini miaka 13 hairudi.