*TAMKO LA TAWI: MJI USIPANGWE UPYA KIWANJA KIMOJA KIMOJA*



Wengi mmeuliza msimamo wa tawi kuhusu sheli na fremu zinazoota kando ya barabara kuu. Hatumpingi mwekezaji. Vijana wetu wanapata vibarua pale na halmashauri inapata mapato.

Tunachopinga ni utaratibu. Mpango wa mji wetu uliweka biashara katikati, sokoni na stendi. Kando ya barabara kuu ni makazi. Kiwanja kimoja kikibadilishwa matumizi, kinaonekana jambo dogo. Vikifika kumi, mpango umeshabadilika na hakuna mkutano ulioitwa.

Dar es Salaam tuliona. Mabasi ya mikoani yalipotoka Ubungo kwenda Mbezi, wateja waliyafuata. Mama mwenye kizimba sokoni kwetu atawafuata kwa mtaji gani, wakati fremu inataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo?

Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji. Kwa hiyo tunamtaka diwani wetu apeleke mambo mawili kwenye baraza:

1. Vibali vipya vya kubadili matumizi visubiri mpaka mpango upitiwe mbele ya wananchi.
2. Sehemu ya mapato ya fremu hizo ijenge mitaro na taa za soko.

Mkutano wa mtaa ukiitwa, tufike. Tukikaa nyumbani, tusije kushangaa vizimba vikibaki vitupu.

*Katibu wa Tawi*